Dawa ya bakteria inafanya nini kwenye malaria? Jibu liko kwa mwani

Msomaji wangu, huenda umewahi kuona kwenye cheti cha dawa za mgonjwa wa malaria jina la doksisaiklini au klindamaisini. Hizi ni antibayotiki. Tumezizoea kwenye chunusi, vidonda vyenye usaha, magonjwa ya zinaa na maambukizi ya mifupa. Malaria hailetwi na bakteria. Inaletwa na kimelea kiitwacho plasmodiamu, ambaye ni kiumbe wa aina nyingine kabisa.

Sasa dawa ya bakteria inatafuta nini huko?

Swali hili halina budi kujibiwa vizuri, kwa sababu wasiopata jibu hujijibu wenyewe. Yupo anayeamua kwamba daktari amemrundikia dawa, anameza ya malaria na kuiacha ile antibayotiki kabatini. Yupo pia anayegeuza mambo: akisikia tu kwamba doksisaiklini inaua vimelea vya malaria, anaikimbilia duka la dawa kila homa inapomjia, bila kupima. Wote wawili wanacheza na ugonjwa unaoua.

Jibu linaanzia mahali ambapo hukutarajia, yaani kwenye maji ya kijani.

Kiwanda kinachofungwa usiku

Ukitaja mwani, wengi wetu tunafikiria ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja. Huo ni mwani mkubwa. Upo mwingine wa seli moja tu, usioonekana kwa macho mpaka uwe umejazana. Acha maji kwenye pipa juani kwa siku kadhaa, ile rangi ya kijani inayotokea ni mamilioni ya viumbe hao.

Ndani ya kila kimoja kuna chumba kidogo kinachoitwa kloroplasti. Humo mwanga wa jua hutumika kuichukua hewa ukaa na kuigeuza sukari. Tunayajua mengi ya hatua zake kwa sababu ya mwani uitwao Chlorella, ambao Melvin Calvin, Andrew Benson na wenzao waliulisha kaboni yenye mionzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kisha wakaifuatilia kaboni hiyo ilikokwenda. Calvin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi hiyo.

Kazi ya kuikamata hewa ukaa hufanywa na kimeng'enya kiitwacho rubisko. Ni mfanyakazi mzembe kwa kweli. Vimeng'enya vingi hufanya mamia au maelfu ya kazi kwa sekunde. Rubisko hufanya chache tu, na mara nyingine hukosea akakamata oksijeni badala ya hewa ukaa. Ndiyo maana mimea na mwani hutengeneza rubisko kwa wingi mno, hata ikawa miongoni mwa protini zilizo nyingi kuliko zote duniani.

Jambo linalotuhusu leo lakini ni jingine: nani anafungua na kufunga kiwanda hiki?

Usiku hakuna jua. Mwani hauwezi kutengeneza sukari, na ili uishi mpaka asubuhi ni lazima uchome ile iliyotengenezwa mchana. Kama utengenezaji na uchomaji vingeendelea kwa pamoja, seli ingemaliza nguvu zake bure, kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo zipo protini ambazo kazi yake ni kusimamia zamu.

Mojawapo inaitwa CP12. Ni ndogo sana, ina viungo takriban 80 tu, na kwa kawaida haina umbo maalumu. Imelegea kama uzi. Giza linapoingia, CP12 hujikunja na kuvifunga pamoja vimeng'enya viwili muhimu vya kiwanda cha sukari, vikakwama kama watu waliofungwa kamba moja. Mwaka 2019 watafiti walifanikiwa kuonyesha kwa undani jinsi fundo hilo linavyokaa. Kukipambazuka, mwanga huipa nguvu protini nyingine iitwayo thioredoksini, nayo huvikata vifungo vinavyoishikilia CP12 katika umbo lake. Fundo linafunguka, na ndani ya dakika chache kazi inaanza.

Usidhani haya ni mambo ya mwani peke yake. Ini lako lina tatizo hilohilo. Ukila, linatakiwa liache kutengeneza sukari. Ukilala na njaa, linatakiwa liianze ili ubongo usikose chakula. Kimojawapo cha vimeng'enya ambavyo thioredoksini huviamsha kwenye mwani kina ndugu yake ndani ya ini la binadamu. Tofauti ni kwamba kwenye mwani bosi ni jua, kwako bosi ni insulini na homoni wenzake. Mtu mwenye kisukari ambaye sukari yake inapanda usiku kucha ilhali hajala kitu anaijua gharama ya usimamizi huo kulegea.

Jambo moja la mwisho kuhusu kiwanda hiki, na naomba ulishike kwani tutalirudia. Sukari ndogo zinazotengenezwa ndani ya kloroplasti zinatakiwa zitoke nje zikalishe seli nzima. Kuta za chumba hicho hazipitishi ovyo. Zina protini zinazofanya kazi ya milango, na mchana mzigo mkubwa wa kaboni hupita humo ukitoka nje.

Mwani uliomezwa

Zamani sana, kabla hata ya kuwepo kwa wanyama wa nchi kavu, kiumbe mmoja wa seli moja alimeza mwani mwekundu. Hakuumeng'enya, akaishi nao. Alipata chakula kutoka kwenye kiwanda cha sukari cha mgeni wake, na vizazi vyake vikaendelea hivyo.

Baadhi ya vizazi hivyo baadaye viliacha kutafuta jua, vikaanza kuishi kwa kuwanyonya viumbe wengine. Mmoja wao ndiye plasmodiamu.

Ndiyo, kimelea cha malaria ni mjukuu wa kiumbe aliyekuwa akiishi kwa jua. Ndani yake bado kipo kile chumba cha mwani, kimesinyaa, hakina rangi ya kijani tena, kimezungukwa na kuta nne zinazosimulia jinsi kilivyomezwa. Wanasayansi wanakiita apikoplasti.

Ugunduzi wake ulichukua muda. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wanaona ndani ya plasmodiamu duara dogo la vinasaba lenye herufi zipatazo 35,000, wakadhani ni mali ya mitokondria. Timu ya Iain Wilson mjini London ilipolisoma, iliona linafanana zaidi na vinasaba vya kloroplasti. Katikati ya miaka ya 1990, Wilson, Geoffrey McFadden wa Melbourne na watafiti wengine walithibitisha kwamba duara hilo linakaa ndani ya chumba chenye asili ya mwani.

Kama bado una shaka, yupo shahidi aliye hai. Mwaka 2001 kwenye matumbawe ya bandari ya Sydney, Australia, alipatikana kiumbe mdogo wa rangi ya kahawia aliyepewa jina la Chromera velia. Ni ndugu wa plasmodiamu, na mpaka leo anaishi kwa jua. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2008.

Na hapa ndipo antibayotiki inapoingia. Kloroplasti zote, ukizifuatilia nyuma zaidi, asili yake ni bakteria waliokuwa wakitumia jua. Mitambo ya kutengeneza protini iliyomo ndani ya apikoplasti bado ni ya mtindo wa bakteria. Doksisaiklini na klindamaisini hukwamisha mitambo ya aina hiyo. Hata azithromaisini, ambayo watu wengi wanaijua kwa kikohozi, hushika palepale. Dawa haijapotea njia, imemfuata bakteria wa kale ndani ya mwani uliomo ndani ya kimelea.

Mzigo umegeuka

Utauliza: kama kimelea hakitumii jua tena, kwa nini kilihifadhi chumba hicho? Chembe nyekundu ya damu ina giza, na sukari imejaa kwenye damu yako. Kiwanda cha rubisko kimekwisha kuondolewa, wala zamu za usiku na mchana hazina maana tena.

Kilichobaki ni milango. Zile protini za mlangoni ambazo kwenye mwani hupitisha sukari ndogo kutoka ndani kwenda nje, kwenye apikoplasti zimegeuka, zinaingiza. Kimelea kinachukua sukari ya damu yako, kinaikata vipande vidogo vyenye kaboni tatu, na sehemu ya vipande hivyo inapitishwa mlangoni kuingia kwenye chumba cha zamani cha mwani. Watafiti wakiiharibu milango hii kwenye vimelea wa maabara, vimelea hufa.

Humo ndani, vipande hivyo hutumika kutengeneza kemikali za kundi la isoprenoidi. Kimelea hakiwezi kuishi bila hizo. Hutumika, pamoja na mengine, kuzibandika protini kwenye ngozi ya seli na kuendesha mitokondria. Na wewe unazitengeneza, kolesteroli yako inatokana na njia ya namna hiyo. Ila mwili wa binadamu hutumia njia tofauti kabisa. Ile ya apikoplasti ni njia ya bakteria na mwani. Kwa mtafuta dawa hiyo ni neema, maana kitu kinachoiziba njia ya kimelea hakina sababu ya kuigusa ya mgonjwa.

Mwaka 2011, Ellen Yeh na Joseph DeRisi wa San Francisco walifanya jaribio ninalolipenda sana. Waliwapa vimelea antibayotiki hadi wakapoteza apikoplasti yote, lakini wakawawekea kwenye chakula chao kemikali moja tu ya isoprenoidi. Vimelea waliendelea kuishi na kuzaana. Maana yake, wakati kimelea kiko kwenye damu, kitu pekee kinachokifunga kwenye chumba hicho ni hiyo bidhaa moja itokanayo na kaboni.

Sukari ya mtoto inaposhuka

Nisikupotoshe: sehemu kubwa ya sukari inayoibwa na kimelea haiendi kwenye apikoplasti. Inachomwa haraka ili kupata nguvu, na masalia yake ni asidi ya laktiki inayomwagwa kwenye damu. Chembe ya damu yenye kimelea hula sukari mara nyingi zaidi ya ile iliyo salama. Wakati huohuo ini la mgonjwa mahututi linashindwa kufidia, na mgonjwa hajala. Kwa mtoto mdogo, ambaye akiba yake ni kidogo, sukari inaweza kushuka kiasi cha kumtia degedege au kumpotezea fahamu.

Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa mojawapo ya dalili za malaria kali. Kwinini nayo, inapotumika, huchochea kongosho kutoa insulini na inaweza kuishusha zaidi, ndiyo maana mgonjwa anayepewa hupimwa sukari mara kwa mara.

Kwa hiyo ukiwa na mtoto mwenye homa ambaye hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haitikii, usisubiri kukuche. Mpeleke kituo cha afya. Kama bado anameza vizuri, endelea kumnyonyesha au mpe kinywaji chenye sukari kidogo kidogo mkiwa njiani. Akiwa hana fahamu usimmiminie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mkifika, waulize wauguzi kama sukari yake imepimwa. Ni swali la kawaida, halimkasirishi mhudumu anayejua kazi yake.

Kwa nini haitoshi peke yake

Turudi kwenye antibayotiki. Zina kasoro moja kubwa: zinachelewa.

Kimelea cha malaria hatari zaidi barani Afrika, Plasmodium falciparum, hukua na kuzaana ndani ya chembe ya damu kwa saa 48 hivi, kisha hupasua na watoto wake huvamia chembe nyingine. Ukimpa doksisaiklini leo, kimelea aliyepo anaendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa kuwa ameshajiwekea akiba ya mahitaji yake. Anazaa. Watoto wake ndio wanaorithi apikoplasti mbovu, na wao ndio wanaokufa kwenye mzunguko unaofuata.

Hesabu mwenyewe. Hizo ni siku tatu au nne kabla dawa haijaonyesha nguvu yake. Malaria inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya muda mfupi kuliko huo. Ndiyo sababu antibayotiki hizi hazitumiki peke yake kutibu mgonjwa. Huambatanishwa na dawa inayoua haraka, kama ilivyofanyika miaka mingi kwa kwinini. Ile ya haraka inawapunguza wengi, ile ya polepole inamalizia waliobaki. Ukiacha mojawapo, umeivunja timu.

Kwa malaria ya kawaida hapa Tanzania dawa ya kwanza ni mseto, ALu, baada ya kipimo kuthibitisha. Antibayotiki haiingii humo isipokuwa mhudumu ameona sababu. Na kama kipimo kimeonyesha huna malaria, kumeza doksisaiklini "kwa tahadhari" hakukusaidii. Kunawafundisha bakteria wa mwilini mwako usugu bure.

Dawa iliyolenga mlango wenyewe

Haja ya kutafuta mahali papya pa kumpiga kimelea si ya nadharia. Usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, dawa iliyo kiini cha mseto, umeshaonekana Rwanda, Uganda, na hapa kwetu mkoani Kagera. Mseto bado unatibu kwa sababu ile dawa ya pili ndani yake inashikilia, lakini hakuna mtaalamu anayelala usingizi mnono kwa hilo.

Mwaka 1999 kundi la watafiti nchini Ujerumani lilionyesha kwamba fosmidomaisini, antibayotiki iliyokuwa imetengenezwa Japani na kuwekwa kando, inaziba njia ya isoprenoidi ya apikoplasti na kuwaponya panya wenye malaria. Majaribio kwa binadamu yalifanyika Lambaréné, Gabon. Homa ilishuka na vimelea wakatoweka upesi, ila kwa wagonjwa wengi walirudi baada ya wiki chache. Ikaunganishwa na klindamaisini, matokeo yakawa mazuri zaidi kwa watoto wakubwa. Ilipojaribiwa Msumbiji kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, ambao ndio hasa wanaokufa na ugonjwa huu, haikufikia kiwango kinachotakiwa.

Kwa maoni yangu hilo halikuua wazo, limeua vidonge vile tu. Dawa ile hutoka mwilini haraka mno. Njia inayoilenga bado ipo, na wakemia wanaendelea kutafuta kitu kitakachokaa muda mrefu zaidi.

Kama umeandikiwa doksisaiklini

Meza na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale mara moja; kidonge kikikwama kooni huunguza. Usikichanganye kwa wakati mmoja na maziwa, dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu hufungamana nacho kikashindwa kufyonzwa. Ngozi inaweza kuungua na jua kirahisi kuliko kawaida, kwa hiyo mkulima na dereva wa bodaboda wavae mikono mirefu na kofia. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka minane hawapewi isipokuwa daktari ameamua kwa sababu maalumu. Kwao klindamaisini ndiyo hutumika mara nyingi pale antibayotiki inapohitajika kwenye malaria.

Wapo pia wageni na ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Marekani au Uarabuni ambao huimeza kila siku kama kinga wanapokuja likizo. Huanza siku moja au mbili kabla ya safari. Kosa lao la kawaida ni kuacha siku ile wanayopanda ndege kurudi. Kimelea huanza kwa kujificha kwenye ini siku kadhaa kabla ya kuingia kwenye damu, na hata akishaingia, dawa hii inamsubiri azae kwanza ndipo imwangushe. Kwa hiyo anayeimeza anatakiwa aendelee nayo kwa wiki nne kamili baada ya kuondoka eneo lenye malaria. Akipata homa akiwa ameshafika huko anakoishi, hata kama ni miezi miwili baadaye, amwambie daktari wake kwamba alikuwa Afrika Mashariki, na aombe kupimwa malaria siku hiyohiyo.